Hesabuni waliozungumza: barua ya wazi kwa wakuu wa shule za sekondari na wathibiti ubora

Ndugu wakuu wa shule, ndugu wathibiti ubora wa shule,

Mthibiti ubora anapoketi nyuma ya darasa la Kidato cha Kwanza na daftari lake mkononi, mara nyingi hukuta somo limechangamka. Mwalimu wa Baiolojia anauliza swali, vidole vinanyooka, wengine wananyanyuka nusu kitini huku wakiita "mimi mwalimu, mimi mwalimu!" Mmoja anajibu, anapigiwa makofi matatu ya nguvu. Mwalimu anauliza kama wote wako pamoja, darasa linaitikia kwa mkupuo kwamba wako pamoja. Anaanza sentensi, anaikatisha katikati ya neno la mwisho, na watoto 80 wanalimalizia neno hilo kwa sauti inayofika hadi jikoni kwa mpishi wa uji. Kwenye ripoti, sehemu ya ushiriki wa wanafunzi itajazwa vizuri, na aliyeijaza hatakuwa amesema uongo.

Ila mthibiti huyohuyo akichukua karatasi tupu, akachora viti vyote, kisha akatia nukta kila mwanafunzi anaposema jambo lililotoka kichwani mwake mwenyewe, karatasi itamweleza habari nyingine. Nukta zitarundikana kwenye viti vichache, hasa vya mbele na vya katikati. Raymond Adams na Bruce Biddle waliikuta sura hiyohiyo walipochambua video za madarasa ya Marekani, wakaichapisha mwaka 1970. Mtafiti mwenzao wa zama hizo, Ned Flanders, alikuwa amehesabu kwamba kwa theluthi mbili ya muda wa somo kuna mtu anazungumza, na kwamba theluthi mbili ya mazungumzo hayo ni ya mwalimu. Hicho kidogo kinachobaki ndicho wanachogawana wanafunzi, na hawakigawani sawa.

Barua hii inahusu viti vitakavyobaki bila nukta.

Wanaovikalia huelezwa kwa maneno mepesi: waoga, wazito, hawakuandaliwa vizuri shule ya msingi, wametoka vijijini. Lakini mfuate mtoto huyo wakati wa mapumziko. Atasimulia mechi ya Simba na Yanga dakika kwa dakika, atabishana kuhusu penalti, atataja mechi ya msimu uliopita kuwa ushahidi, atamkosoa kocha na kueleza yeye angempanga nani. Uwezo wa kujenga hoja anao, na anao kwa wingi. Kengele ikilia anaurudisha mfukoni.

Sababu ya kwanza inajulikana tangu zamani. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makwetta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia Kidato cha Kwanza mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza katika shule za Tanzania, wakaripoti kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Kisha mwaka 2002 ukaanza mradi wa LOITASA, uliowakutanisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, miongoni mwao Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo. Katika mradi huo mada zilezile zilifundishwa madarasa tofauti, huku kwa Kiingereza, kule kwa Kiswahili. Kwenye Kiswahili wanafunzi waligombea kujibu, wakatoa mifano ya nyumbani kwao, wakauliza. Kwenye Kiingereza palikuwa kimya, na mwalimu alihangaika kuchota jibu la neno mojamoja.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa sekondari. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma mwaka 2025, limekibakiza Kiingereza. Basi. Hakuna haja ya kuufufua mjadala huo hapa, kwa kuwa mkuu wa shule hana kalamu ya kuumaliza. Kilicho ndani ya mamlaka yake ni kidogo na cha karibu zaidi: kumruhusu mtoto afikiri kwa Kiswahili kabla ya kujibu kwa Kiingereza. Mwalimu anauliza, watoto wanapewa dakika mbili wasemezane na aliye jirani kwa lugha wanayoielewa, kisha wasaidiane kutafuta maneno ya Kiingereza ya kulibebea jibu lao. Mtoto aliyetoka shule ya msingi anajua jinsi malaria inavyoenezwa. Anajua mmea unavyojitengenezea chakula. Anachokosa ni sentensi, na sentensi hutungwa haraka zaidi na wawili kuliko na mmoja aliyesimama peke yake huku anatazamwa.

Tatizo ni kwamba katika shule nyingi dakika mbili hizo ni kosa. Kibao getini kinaagiza Kiingereza tu, na anayekamatwa akisema Kiswahili anakatiwa eneo la kufagia. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika mwaka 1986, katika Decolonising the Mind, jinsi shule za utoto wake Kenya zilivyozungusha kitu mikononi mwa watoto ili kumbaini aliyesema Kikuyu, na jinsi aliyekutwa nacho jioni alivyoadhibiwa na kutajishwa waliompa. Aliandika habari za miaka ya 1950. Inashangaza jinsi shule za leo, zenye kompyuta na mitaala mipya, zinavyoendelea kuamini kwamba mtoto hujifunza lugha ya pili kwa kuogopa ile ya kwanza.

Lakini lugha haimalizi hesabu. Kuna ukimya unaotokana na huruma, na huu ni mgumu zaidi kuuona.

Mwaka 1971 shule za Austin, Texas, zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto Weupe, Weusi na wenye asili ya Mexico baada ya miaka mingi ya kutenganishwa, na madarasa yaligeuka uwanja wa chuki. Mwanasaikolojia Elliot Aronson wa Chuo Kikuu cha Texas aliitwa kusaidia. Katika maandishi yake anamtaja mvulana aliyempa jina la Carlos. Kihispania ndicho kilichokuwa lugha yake ya nyumbani, na Kiingereza chake kilikuwa cha kusitasita. Kila alipojibu, wenzake walimcheka. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, akaacha kumuuliza. Pakawa na mapatano yasiyotamkwa: Carlos anyamaze, mwalimu asimsumbue. Kwa mapatano hayo mwalimu alikuwa amekwisha kumwondoa darasani bila kumtoa mlangoni.

Aronson na wanafunzi wake hawakumhubiria mtu. Walibadilisha kazi yenyewe. Wanafunzi waligawanywa makundi ya watu sita hivi, na somo la siku hiyo, wasifu wa mchapishaji wa magazeti Joseph Pulitzer, likakatwa vipande. Kila mtoto alipewa kipande chake asome na kuwafundisha wenzake, na hakuna mwingine kundini aliyekuwa nacho. Mtihani ungetoka kwenye vipande vyote. Carlos alipofika zamu yake alikwama, na kama ilivyotarajiwa wakaanza kumdhihaki. Msaidizi wa utafiti hakuwakemea. Aliwakumbusha tu kwamba mtihani umekaribia, na kwamba sehemu hiyo ya maisha ya Pulitzer haipo kwa mtu mwingine. Baada ya siku chache za kazi ya namna hiyo, watoto walewale waligundua kwamba dhihaka inawagharimu maksi, wakajifunza kuuliza maswali yenye kumsaidia Carlos kusema anachokijua. Wakaja kumwona kwamba ana akili. Hakuwa amebadilika sana yeye. Walikuwa wamepata sababu ya kumsikiliza.

Wakuu wa shule mnamjua Carlos wenu. Yupo kila mkondo. Na yupo mwalimu mwema anayemruka kila siku ili asiaibike.

Kipimo kingine ni cha muda, na hakihitaji bajeti ya shule. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani wa ufundishaji wa sayansi, alirekodi masomo mengi na kupima sekunde ambazo mwalimu husubiri baada ya kuuliza kabla hajamtaja mwingine, hajarudia swali au hajajijibu. Kwa wastani ilikuwa sekunde moja, pengine pungufu. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1974 alionyesha kwamba walimu waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu mara kadhaa, yenye sababu ndani yake. Wanafunzi walioshindwa kabisa kujibu wakapungua. Waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia, na walimu wenyewe wakabadili walichokuwa wakikitarajia kutoka kwao. Hao walikuwa watoto wanaojibu kwa lugha waliyozaliwa nayo. Anayelisikia swali kwa Kiingereza, analigeuza Kiswahili, anatafuta jibu, kisha analigeuza tena Kiingereza, sekunde moja haimtoshi hata kufika nusu ya safari. Mwalimu anayesubiri anaweza kuhisi kwamba somo limekufa. Mthibiti ubora aliye nyuma anaweza kudhani vivyo hivyo, na hapo ndipo mwongozo wake unapoweza kumponza mwalimu mzuri.

Halafu kuna bei ya kukosea. Mwanafunzi anayekosea huzomewa, au huachwa wima mpaka mwingine apatie, au huchapwa. Kuhusu hili la mwisho sheria haina utata. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataja utovu mkubwa wa nidhamu na makosa yanayoivunjia shule heshima. Zinataka idhini ya mkuu wa shule, viboko visivyozidi vinne, na kumbukumbu iandikwe kitabuni. Jibu lisilo sahihi la Hisabati halimo. Fimbo inayoshikwa na mwalimu wa somo kuanzia kipindi cha kwanza hadi cha mwisho haina saini ya mkuu wa shule nyuma yake, na kila mkuu anajua kama fimbo hiyo ipo shuleni kwake au haipo. Mtoto ana akili ya kutosha kupiga hesabu: ukijibu unaweza kukosea, ukinyamaza unaweza kusahaulika. Anachagua kusahaulika.

Kwa wasichana bei hupanda. Mwaka 1996 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa wakachambua wenyewe kinachowakwamisha, wakakigeuza mchezo wa kuigiza, wakauonyesha mbele ya wenzao, walimu na watu wa jamii zao. Mambo yasiyosemeka mezani kwa mwalimu wa nidhamu yalisemeka jukwaani. Baadaye FAWE, jukwaa la wanawake wanaelimu wa Afrika, liliichukua njia hiyo na kuipeleka nchi nyingine nyingi za bara hili. Yaani jambo ambalo shule za Afrika zilikuja kulisoma kutoka Tanzania linaweza kuwa halijafika shule ya kata iliyo umbali wa kilomita 30 kutoka chuo lilikozaliwa.

Kuna mwalimu atakayesema: nina watoto 80 na kipindi cha dakika 40, nitawasikia saa ngapi? Hoja yake ni nzito na haifai kujibiwa kwa semina. Ijibiwe kwa hesabu. Akijibakizia dakika 25 za kueleza, zinabaki 15. Zikigawanywa kwa zamu ya mmojammoja, kila mtoto anapata sekunde 11. Lakini akitoa dakika mbili za kusemezana wawiliwawili, watoto 40 wanazungumza kwa wakati mmoja na wengine 40 wanasikiliza, kisha wanapokezana. Kwa dakika mbili kila mmoja amepata kama dakika nzima ya kusema. Frank Lyman wa Chuo Kikuu cha Maryland aliupa utaratibu huo umbo mwaka 1981: fikiri peke yako, jadili na mwenzako, kisha shirikisha darasa. Ukubwa wa darasa, ambao ndio kisingizio cha kawaida cha kutofanya, ndio hasa unaoulazimisha.

Baada ya hapo mwalimu asiite wanaonyoosha vidole. Achomoe jina. Mwaka 2010 mtaalamu wa tathmini Dylan Wiliam alijaribu hilo mbele ya kamera za BBC katika shule ya Hertswood, nje kidogo ya London. Vidole vilipigwa marufuku, majina yakaandikwa kwenye vijiti, na kijiti kikichomolewa mwenye jina anajibu. Walioumia mwanzoni ni wale waliozoea kujibu. Walikuwa wamezoea kusikilizwa, na sasa walingoja zamu kama wengine. Shule ya Nachingwea au Kishapu haihitaji vijiti vya dukani. Kopo tupu la maziwa na vipande vya manila vinatosha, na Kidato cha Kwanza wenyewe watayaandika majina kwa furaha.

Hapa pana tahadhari. Kopo lisitangulie mazungumzo ya wawiliwawili, maana likitangulia linageuka mtego. Aliyechomolewa aweze kuripoti walichosema yeye na mwenzake, ili kosa likitokea liwe la wawili. Awe na haki ya kusema "naomba nirudiwe," na kweli arudiwe kabla kipindi hakijaisha. Mwenye kigugumizi apatane na mwalimu pembeni jinsi atakavyoshiriki; anaweza kuandika jibu lake ubaoni. Na wapo watoto ambao hata mazingira yakiwa mazuri watasema machache, kwa kuwa ndivyo walivyo. Hao nao wasigeuzwe mradi wa shule.

Pingamizi kubwa kuliko yote ni silabasi. Upimaji wa Kidato cha Pili unakuja, matokeo yatabandikwa, mkuu ataulizwa wilayani kwa nini shule imeshuka. Nani ana muda wa mijadala? Mwaka 2017 mfuko wa utafiti wa Uingereza, Education Endowment Foundation, ulichapisha matokeo ya jaribio la mbinu ya Robin Alexander ya kufundisha kwa mazungumzo. Lilihusisha watoto wapatao 5,000 wa umri wa miaka tisa na kumi. Walimu walifundishwa kuuliza maswali yasiyo na jibu moja tu, kumtaka mtoto aeleze sababu, na kumwalika mwingine amjibu mwenzake. Baada ya wiki 20 hivi, watoto hao walikuwa mbele ya wenzao kwa maendeleo ya takriban miezi miwili katika Kiingereza na sayansi. England ina madarasa madogo kuliko ya Geita, ni kweli. Lakini mwalimu anayemaliza silabasi mwezi Agosti huku viti 60 kati ya 80 havijafungua mdomo tangu Januari, amemaliza silabasi yake yeye.

Wala si jambo la wageni. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliitaka shule imjenge kijana mwenye akili ya kudadisi, anayejifunza kwa wengine na kuyapima wanayoyafanya. Mtaala wa umahiri wa mwaka 2005 ulirudia wazo hilo kwa maneno ya kitaalamu, na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imelirudia tena. Maandiko hayajapungua. Kinachopungua ni mtu wa kuhesabu.

Ndiyo maana barua haikwenda wizarani. Imekuja kwenu, kwa sababu walimu hufundisha kuelekea kile kinachokaguliwa. Ndugu wathibiti, mnapoketi nyuma ya darasa, choreni ile ramani ya viti na kuiacha mezani kwa mwalimu mnapoondoka, bila alama wala karipio. Andikeni ni wanafunzi wangapi tofauti waliosema jambo lao, wasichana wangapi, na mwalimu alisubiri sekunde ngapi. Uitikiaji wa pamoja uandikwe peke yake. Una raha yake na kazi yake ya kukaririsha, lakini usihesabiwe kuwa ushiriki. Ndugu wakuu, mkikutana katika vikao vya umoja wenu, TAHOSSA, kubalianeni juu ya mambo machache yasiyohitaji waraka: dakika mbili za Kiswahili ziwe halali darasani, fimbo isiwe jibu la jibu, na mkuu wa shule akisikia darasa linavuma asitoke ofisini kabla hajajua linavuma kwa nini. Walimu wengi wamezoea kupimwa kwa utulivu wa darasa. Wengine wameacha makundi ya majadiliano kwa sababu tu darasa la jirani lililalamika.

Hilo la kelele lina daftari lake. Karibu kila darasa nchini lina kiranja anayeandika wapiga kelele mwalimu akiwa hayupo, kazi inayofanywa kwa bidii na upendeleo wa wazi kwa marafiki. Kiranja huyo apewe kazi ya pili. Kila Ijumaa aandike, kwa somo moja tu, majina ya ambao hawakusikika wiki nzima, ampe mwalimu mkononi, na yasisomwe mbele ya mtu. Jumatatu mwalimu ayaweke majina hayo juu kabisa ya kopo.

Wasalaam.